Chunjua za Janice

Watu wa Waithaka watakwambia Mama Kibe ni mchawi. Waache waseme, midomo ni yao. Mimi ni mpangaji kwenye ploti yake tangu Ivyne wangu akinyonya, na sasa Ivyne anavaa sare ya shule, kwa hivyo yule mama namjua nje ndani. Ana mdomo, ana kiherehere, na anaweza kukugongea mlango alfajiri kwa sababu umeanika blanketi kwenye kamba yake. Lakini mchawi hujua anachofanya. Mama Kibe hakujua, na hapo ndipo roho yangu hukwama kila nikifikiria habari hii.

Jina lake hasa ni Mwihaki. Marehemu mumewe, mzee Gerishon, alimwachia kishamba cha sukuma wiki na viazi, safu ya vyumba vya kupangisha, na mtoto mmoja wa kiume, Kibe. Mmoja tu. Wenzake wa rika lake kanisani wote wanaitwa cucu, nyanya za watu, wana wajukuu wa kuwabebea Biblia. Yeye alibaki Mama Kibe, na jambo hilo lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Kibe mwenyewe huchapisha kadi River Road, za harusi na za mazishi. Ni mtu mpole kupita kiasi. Tena ni mtu ambaye ukimpa siri asubuhi, mamake ataijua kabla chai haijapoa. Alimwoa Janice, ambaye nilikuwa naye saluni moja pale Dagoretti Corner, yeye akiosha na kusuka, mimi nikisuka. Yeye Mkikuyu, mimi Mjaluo, tukaelewana kwa Kiswahili na kwa kusengenya wateja. Alipoolewa, ndiye aliyenitafutia chumba kwa mama mkwe wake, kwa hivyo tulikuwa pamoja kazini na pamoja nyumbani. Ananiita Mama Ivyne. Ndugu zangu wa damu sijawahi kukaa nao hivyo.

Sasa sikiliza. Janice alishika mimba mara tatu, na mara tatu ikatoka. Ile ya kwanza, Mama Kibe alisimama kanisani wakati wa matangazo akaomba waumini wamkumbuke mgeni anayekuja. Ya pili hakungoja hata Jumapili. Aliwaambia wanawake wa kikundi chake siku ile ile, wakaja na thamosi za uji na sweta ndogo za kufuma. Ya tatu, hata makanga wa matatu pale stendi walikuwa wanampisha Janice wakimwita mama watoto. Kila mara damu ilipokuja, wanawake wale wale walirudi kusema pole, wakakaa kwenye makochi wakinywa chai, na Janice chumbani ameugeukia ukuta.

Baada ya ile ya tatu aliniambia, tukikunja taulo za saluni, "Mama Ivyne, Mungu akinipa nyingine, hakuna mtu ataambiwa. Si Kibe, si Mami. Tumbo litajisema lenyewe. Nimeapa."

Sikubisha. Kwetu pia mimba changa haipigiwi tarumbeta.

Halafu zikaja chunjua. Ilianza moja, kwenye kidole cha shahada cha mkono wa kulia, kitu kidogo kama punje ya mtama. Tukamcheka. Ikaleta jirani, jirani akaleta ukoo, mpaka mikono yote miwili ikawa imeota vinundu, kuzunguka kucha, kwenye viungo vya vidole, zikapanda hadi karibu na mahali pa kuvaa saa. Mtu akae anaoshwa nywele, afumbue macho, aone mikono ile juu ya uso wake. Wateja walianza kuniambia kwa sauti ya chini, "Nioshwe na yule mwingine." Wengine hawakusema kitu, waliacha tu kuja. Mwenye saluni akamwambia Janice afagie na apokee simu kwa muda.

Alizipaka utomvu wa kariaria, ule mti wa ua wenye maziwa makali, akabaki na vidonda. Akafunga ile kubwa kwa singa za mkia wa farasi, akakaza mpaka kidole kikageuka rangi. Akaenda kwa duka la dawa wakamchoma kwa dawa kali, zikakauka, tukafurahi, na mwezi uliofuata zikarudi na wageni. Wateja wakaanza kunong'ona kuhusu damu yake, kwamba mtu mzima hawezi kuota vitu hivyo kama hana ule ugonjwa. Alienda akapimwa, hakuwa na kitu, lakini utatembea na karatasi ya hospitali shingoni?

Mama Kibe alikuwa na maelezo yake. Alinikuta nikifua akajikalisha kwenye ndoo iliyofunikwa. "Mama Ivyne, wewe ni mtu mzima, nitakwambia. Mwanaume hawezi kushikwa na mikono kama ya chura halafu abaki na hamu. Ndiyo sababu Kibe anachelewa kurudi. Ndiyo sababu hakuna mtoto. Tuondoe hivyo vitu, mtoto atakuja."

"Kibe anachelewa kwa sababu ya kazi, Mama Kibe."

"Kazi, kazi. Babake alikuwa na kazi na alirudi."

Nikaendelea kufua. Mimi nilikuwa nimeshajua jambo ambalo yeye hakulijua. Siku chache nyuma, tulipofungua mkebe wa dawa ya kulainisha nywele, Janice alikimbilia nyuma ya saluni akatapika mpaka machozi. Nilimfuata na maji. Tukatazamana tu. Kama Kibe alikuwa anaikimbia ile mikono, basi mimba ile ililetwa na upepo.

"Ukisema, nitakufa," akaniambia.

"Nimesema nini? Mimi nimekuletea maji."

Basi ilikuwa mimba changa, ya mwezi mmoja na kitu, pale Mama Kibe alipokata shauri kumpeleka mkaza mwanawe kwa daktari wa ngozi, mjini, kwenye jengo moja refu lenye lifti ya kukwama. Aliuza viazi akatoa ada yeye mwenyewe. Alivaa kitambaa chake cha kikundi cha wanawake, mkoba mapajani, akaingia na Janice mpaka ndani kwa daktari. Nani angemzuia? Kwetu sisi huku, mtu akikupeleka hospitali, amekupeleka hadi kitini.

Yaliyosemwa mle ndani Janice alinisimulia kesho yake. Daktari alikuwa kijana, mstaarabu, akazishika zile chunjua bila kinyaa, na hilo peke yake lilimtoa Janice machozi. Akaeleza kwamba zinaletwa na virusi vinavyojificha kwenye ngozi, ndiyo maana ukichoma hapa zinachipuka pale. Kwa zile zilizokataa kila kitu kuna dawa ya kumeza, vidonge laini vyenye mafuta ndani, unavimeza na chakula chenye mafuta, kwa miezi kadhaa. Midomo itakauka na kupasuka, alisema, na asiogope, ndiyo ishara kwamba dawa inafanya kazi.

Halafu akaweka kalamu chini. Dawa hii na mimba haviketi pamoja, akasema. Inaharibu mtoto tumboni. Inaharibu vibaya. Mtu akitaka kuzaa, amalize dawa, akae mwezi mzima, ndipo ajaribu.

"Una mimba?"

Mama Kibe alikuwa ameketi pale, goti kwa goti.

"Hapana," Janice akasema.

Daktari akataka ateremke maabara apeleke mkojo kwanza. Hapo Mama Kibe akacheka kwa uchungu. "Daktari, huyu angekuwa nayo mimi ningekuwa nacheza ngoma hapa. Tunatafuta, hatupati. Usitupotezee siku." Daktari alimtazama yule mama, akatazama foleni pale nje, akavuta droo akatoa kipimo kidogo. Akamwambia Janice apime kesho asubuhi kabla ya kidonge cha kwanza. Mistari ikiwa miwili, asimeze, apige simu.

Nilimkemea Janice, nakwambia. Nilimkemea hadi kitana kikaanguka. "Kwa nini hukumwomba daktari amtoe huyo mama nje?"

"Ningemtoa angejua. Mtu hutolewa nje kwa nini?"

"Basi ungerudi peke yako umwambie."

"Mama Ivyne, mbona unahangaika? Sitavimeza. Nilikuwa najua pale pale sitavimeza. Nitaviweka mpaka nizae, halafu ninyonyeshe, halafu nitavitumia. Vitu vya bei ile nitavitupa chooni?"

Na kusema kweli, nilipoitazama hesabu yake, haikuwa na kasoro. Dawa ambayo haijaingia mdomoni haidhuru mtu. Akaviweka chini ya sweta kwenye kabati, boksi zima. Mama Kibe alipomuuliza, alisema amepima na hakuna kitu, mstari ni mmoja. Alipomuuliza kama anameza, alisema anameza.

Lakini Mama Kibe ni mwenye nyumba. Funguo za vyumba vyote vya ploti ile ziko kwenye pete moja kiunoni mwake, na nyumba ya mwanawe haikuwa nyumba ya watu, ilikuwa yake pia. Siku sisi tuko kazini alikuwa akiingia kupanga vyombo, kukunja nguo za Kibe, kuona kama unga umeisha. Akafungua kabati. Akakuta boksi limejaa vile vile lilivyotoka dukani.

Wewe ungefikiri nini? Aliambiwa hakuna mimba. Aliambiwa dawa iishe, mwezi upite, ndipo mtoto atafutwe. Na sasa anaona huyu msichana hamezi. Kwake yeye, kila siku inayopita bila kidonge ni siku ya mjukuu inayoliwa. Hakumgombeza. Alikuwa ameshachoka kumgombeza tangu ile mimba ya tatu, nafikiri alikuwa amejiambia atampenda kwa vitendo. Kila asubuhi, tangu wakati ule, alikuwa akimpelekea kikombe kikubwa cha uji wa wimbi, umewekwa maziwa na kijiko cha siagi ili apate nguvu. Janice aliupenda ule uji. Tumbo lilipokuwa linakataa kila kitu, uji wa Mami ulikaa.

Basi yule mama akawa anachukua kidonge, anakikata ncha kwa kisu, anakikamulia ndani ya uji, anakoroga, anapeleka.

Hayo tuliyajua baadaye. Tulichokiona sisi kwanza kilikuwa furaha. Chunjua zilianza kukauka. Ile ya kwanza, ile ya kidole cha shahada, ikadondoka kwenye sinki siku moja Janice akiosha vitana. Alinyanyua kidole akakitazama kana kwamba si chake. Wiki zikaenda, zikapungua, ngozi ikatoka kama ganda la kitunguu na chini yake kukawa laini. Mwenye saluni akamrudisha kwenye kuosha nywele. Janice akawa anaimba nyimbo za kanisa akisugua vichwa vya watu, sauti mbaya, tukamvumilia.

"Mungu ameniondolea mwenyewe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Bila dawa. Ameona nimechagua mtoto."

Nilimwamini. Mimi pia ni mtu wa kuomba. Nilishukuru naye. Tumbo lilikuwa limepita mahali ambapo yale mengine yalikwamia, ameanza kuvaa aproni kubwa, akawa anasema labda mwezi ujao atamwambia Kibe.

Ilikuwa kipindi cha baridi, Nairobi yote midomo imepauka. Kwa hivyo midomo yake ilipoanza kupasuka hatukushtuka. Alipaka mafuta ya mgando. Ikazidi. Ikapasuka pembeni mpaka akicheka inatoa damu, na macho yakawa mekundu, makavu, anayafikicha. Siku hiyo nilikuwa namsuka mama mmoja mistari ya nyuma, nikainua macho nikamwona kwenye kioo akijipangusa damu mdomoni na tishu. Mikono yangu ikasimama.

"Janice," nikasema, "hebu njoo."

Nikamvuta hadi nyuma, pale tunapoweka mafagio. "Niambie ukweli wa Mungu. Unavimeza?"

"Nini?"

"Vidonge. Umevimeza?"

"Sijameza hata kimoja. Nikuapie kwa nini?"

"Daktari alisema midomo itafanyaje?"

Nilimwona akikumbuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukiishiwa damu namna ile, na mimi nimezika watu. Alifungua aproni akaiacha pale sakafuni, na yule mama niliyekuwa nikimsuka akabaki na nusu kichwa. Tukaenda nyumbani.

Boksi lilikuwa mahali pake chini ya sweta. Kwa juu kulikuwa na karatasi moja ya vidonge, imejaa. Chini yake zote zilikuwa zimefunguliwa, zimepangwa vizuri, moja juu ya nyingine, kwa sababu Mama Kibe hatupi kitu na hapangi kitu ovyo. Janice alizishika moja moja. Hakuniuliza nani anaingia nyumbani mwake. Alikaa kwenye kitanda kidogo, akasimama, akavuka ua.

Mama Kibe alikuwa jikoni kwake anamenya viazi. Alipoona zile karatasi mikononi mwa Janice hata hakutahayari. Alicheka, kicheko cha mtu aliyeshikwa akifanya wema.

"Haya, mmenishika," akasema. "Sasa tazama hiyo mikono. Si imekuwa ya bibi arusi? Mtoto akikataa dawa unamwekea kwenye uji. Kibe nilimlea hivyo, na yuko hai. Zimebaki kidogo tu, Janice. Umalize, tukae ule mwezi wa daktari, halafu mnipe mtoto wangu."

"Mami," Janice akasema, "nina mimba."

Kisu hakikuanguka wala nini. Aliendelea kukishika, na ganda la kiazi likining'inia.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla ya kwa daktari."

"Nilikuuliza."

"Ndiyo, Mami."

"Uliulizwa ndani kwa daktari, na nikakuuliza hapa, hapa ulipo. Ukaniambia umepima."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Janice? Mimi nimekukosea nini wewe ushindwe kuniambia mimi?"

Sauti ya Janice ilikuwa tulivu, na ndiyo iliyoniumiza zaidi. "Kwa sababu ungewaambia watu," akasema.

Mimi nilikuwa mlangoni na nilitaka kuwapiga wote wawili. Nilitaka kumpiga yule daktari pia kwa foleni yake, na Kibe kwa ule ulimi wake, na wale wanawake na sweta zao. Sikumpiga mtu. Nilizima jiko kwa sababu sufuria ilikuwa inaungua.

Daktari wa ngozi alipopigiwa simu na kusikia, alisema aache leo hii, aende kwa daktari wa akina mama leo hii. Kibe aliacha mashine zake akaja. Kwenye skani moyo ulikuwa unapiga, tuliusikia, na Kibe akalia kwa furaha kwa sababu alikuwa ameambiwa habari mbili kwa mara moja na akaelewa ile nzuri kwanza. Yule daktari wa pili hakudanganya. Alisema kuna watoto hupona kabisa na dawa ile, na kuna wengine hawaponi, inategemea mtoto alikuwa anaumbwa nini siku zile. Masikio hayaonekani vizuri kwenye picha, alisema, na moyo atauangalia tena. Janice akauliza kama mtoto anamsikia akiimba. Daktari akasema tungoje.

Tukangoja. Safari hii mimba haikutoka. Ilikaa kama imeshonwa, jambo ambalo tuliliomba mara tatu zile na hatukulipata. Na Mama Kibe, ambaye alikuwa akitangaza hata kuku akitaga, hakumwambia mtu. Tumbo lilijisema lenyewe kama Janice alivyotaka. Wanawake wa kikundi walipomjia yule mama na vigelegele, aliwaambia ana kazi shambani. Uji aliuacha. Nilimwona asubuhi nyingine akitoka na kikombe, anafika katikati ya ua, anakumbuka, anamwagia mbwa. Janice hakumtukana hata siku moja. Alimwamkia, akamhudumia chakula, akamwita Mami. Ningekuwa mimi ningehama, lakini Janice alisema ahamie wapi, na nani alidanganya kwanza.

Habari zikatoka, bila shaka. Kibe alimwambia mtu mmoja tu River Road, na huyo mmoja ana shangazi Waithaka. Ndipo uchawi ulipoanza kutajwa.

Mtoto alizaliwa msichana, mzito, na kinywa cha kunyonya bila kukwama. Moyo ulikuwa na tundu dogo ambalo walisema huenda litajifunga. Masikio hayakuwepo. Upande wa kushoto kulikuwa na kinyama kidogo kilichojikunja, upande wa kulia ngozi tupu, laini, inateremka tu kutoka kwenye nywele hadi shingoni. Muuguzi aligonga bakuli la chuma nyuma ya kichwa chake. Akagonga tena. Yule mtoto alikuwa anatazama dirisha, akaendelea kutazama dirisha.

Walipotoka hospitali walikuja watu wachache. Mimi, Kibe, mama mmoja wa kanisa aliyekuwa na aibu ya kuuliza. Kwa Wakikuyu hakuna mjadala wa jina: msichana wa kwanza ni mama ya baba yake, amezaliwa upya, na siku hiyo nyanya husimama akapokewa kama mtoto. Mama Kibe hakusimama. Alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango, kitambaa amekivuta hadi kwenye nyusi.

"Msimpe jina langu," akasema. "Kibe, nakuomba. Mpeni la mama yake Janice. Mimi nirukeni."

Kibe akamtazama mkewe. Kila mtu akamtazama. Janice alikuwa ananyonyesha, mkono umeshika kile kichwa kidogo upande usio na kitu.

"Ataitwa Mwihaki," akasema.

"Janice, tafadhali."

"Ni Mwihaki. Nimemaliza."

Nikupe jambo moja ambalo hata mimi Mjaluo nilijifunza kwao. Mkaza mwana hatamki jina la mama mkwe. Hata mtoto aliyepewa jina hilo, mamake humwita Mami, au Cucu, kwa heshima, ulimi usije ukamkosea mwenye jina. Majirani wote wenye watoto kama hao hufanya hivyo. Nilidhani Janice naye atafanya hivyo.

Sasa mtoto anatambaa. Anapenda mawe madogo na kamba ya nguo. Jioni chakula kikiwa tayari Janice hutoka mlangoni, akasimama pale ambapo ploti yote inamsikia, akaita kwa sauti, "Mwihaki."

Mtoto hageuki. Anaendelea na mawe yake.

"Mwihaki."

Na kutoka jikoni ng'ambo ya ua yule mama mzee anaitika, "Naam." Anatoka akijipangusa mikono, anamwinua mtoto, anampeleka kwa mamake.